Sauti Iliyoishia Kisimani

Jana fundi simu alichoma lehemu, na ule moshi ukanirudisha chumbani kwa mjomba, Tabora, enzi ya Mwingereza.

Mjomba alikuwa fundi redio. Alijitengenezea mtambo mdogo wa kutangazia, nasi tulimsikiliza kwenye redio ya barazani. Usidhani alivunja sheria kwa kukosa leseni. Mkaguzi alikuja na redio yake, akatembea nayo mpaka kisimani, na hapo sauti ikapotea. Akasema mtambo usiovuka kisima hauhitaji leseni.

Bibi alikuwa na haja yake. Mwanawe mkubwa alikwenda vita vya Burma, akafia huko, na kwetu aliyefia mbali huitwa kwa jina mpaka afike nyumbani.

"Mwite kaka yako humo," alimwambia mjomba.

"Mama, hata jirani hanisikii! Nikiongeza nguvu wataninyang'anya mtambo."

"Nani kasema uongeze? Wewe ita tu. Akipita karibu atasikia."

Mjomba akawa anaita kila alasiri, mwanzoni akicheka, baadaye bila kucheka. Mvua zikaja, zikaisha.

Siku moja, redio ikiwa bado inaita, bibi alisimama ghafla.

"Mwambieni azime. Amefika."

Mjomba akazima. Bibi akachukua kata ya maji, akaiinamisha taratibu juu ya beseni, kama tunavyomnawisha mgeni. Nilichuchumaa pale pale karibu. Maji yalitawanyika hewani kabla ya kufika kwenye beseni, kama yanavyotawanyika juu ya mikono ya mtu.