Salamu za Mkwe Hewani

Rupert Ngonyani, fundi cherehani wa Lizaboni, hakujifunza redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali bila simu, kutafuta sifa. Binti yake Otilia aliolewa Maposeni, na kila masika mtandao wa simu ukipotea, baba alishinda hajui kama mtoto wake yu mzima. Safari hii Otilia alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Rupert akaenda kujifunza kwa Dorine, fundi umeme wa Mfaranyaki aliyekuwa na redio kama hiyo, akapata leseni, akasimamisha antena juu ya mlingoti wa mianzi. Kajetani, baba mkwe wa Otilia, naye akajifunza, akanunua redio yake.

Kazi ya lazima ikageuka starehe. Kila jioni Rupert alikuwa hewani, sindano imesimama kwenye nguo ya mteja.

Jambo moja lilimshinda. Dorine alimfundisha kwamba ukibonyeza kitufe cha kuongelea husikii mtu yeyote. Kwa hiyo sema kidogo, achia, sikiliza. Rupert aliona huo ni utovu wa adabu. Mkwe hasalimiwi nusu nusu.

"Mzee Rupert, salamu zako zinamaliza betri," Dorine alimtania.

"Binti yangu, asiyesalimu ana tofauti gani na mwizi?"

Dorine akacheka, yakaishia hapo. Hakupaswa kucheka.

Mchana mmoja wa Machi mvua ilipiga, simu zikanyamaza mji mzima. Rupert aliwasha redio, na papo hapo akasikia sauti ya Kajetani ikimwita kwa jina. Alifurahi kama mtoto. Akabonyeza, akamwamkia shikamoo kama alivyostahili mkubwa wake, akauliza hali ya nyumbani, mahindi, ng'ombe aliyekuwa anaumwa, magoti ya mama mkwe wa Otilia, na jumuiya ya kanisani. Swali la Otilia aliliweka mwisho kabisa, maana kumtanguliza binti yako mbele ya wakwe ni kama kusema huwaamini. Muda wote huo kidole hakikutoka kwenye kitufe.

Alipoachia, aliyesikika kwanza ni Dorine, kutoka nyumbani kwake.

"Baba, usiguse kitufe. Kuna mtu anaita chini ya sauti yako."

Kisha Kajetani: "Rupert, nimekuita wakati wote unanisalimu. Otilia anatoka damu. Tutumieni gari."

Rupert alimsikia Dorine akijibu kwa maneno machache kwamba amepokea na anakuja na pikapu yake. Yeye alitazama kidole gumba chake. Alama ya kitufe ilikuwa imejichora kwenye ngozi, nyeupe, haitaki kuondoka.

Otilia alifikishwa hospitali, akapona. Mtoto hakupona. Daktari hakusema kama kuwahi kidogo kungemwokoa, na Rupert hakuthubutu kuuliza. Tumelelewa vizuri kusema maneno ya heshima. Kumpa mwenzetu nafasi ya kusema ya kwake, hilo wengi hatujui.

Bado yuko hewani kila jioni. Huanza kwa kuuliza kama kuna mwenye dharura, akaachia kitufe, akasikiliza mngurumo mtupu wa redio hadi Dorine anadhani ameondoka. Ndipo humwamkia mkwe wake shikamoo, bila kuongeza kitu.

Kajetani hajawahi kumlaumu. Huitikia marahaba, kisha naye huachia upesi.