Tambi za Papa Bauma pale Mushaki

Harufu ya nyama ya Papa Bauma ilikupokea kabla hujaiona Mushaki yenyewe. Iliteremka kilima pamoja na moshi: mafuta ya ng'ombe yakidondokea makaa, vitunguu saumu, ndimu, pilipili, na sukari inayoanza kuungua. Ndiyo, sukari juu ya nyama. Wachungaji walisema mzee huyu anaharibu ng'ombe wa watu, kisha wakaagiza vijiti viwili viwili vya nyama hiyo. Papa Bauma alikuwa amempikia miaka mingi huko Bukavu bwana mmoja wa Tailandi, mnunuzi wa kahawa. Bwana alipoondoka, yeye akarudi kwetu na upishi wote kichwani. Mchele ulioletwa na malori ya Walikale aliuloweka, akausaga, akaumimina juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye chungu cha maji yanayochemka, halafu akaukata nyuzi nyuzi. Hizo ndizo tambi zake. Sisi wa ugali wa muhogo na maharage tulizitazama kama minyoo.

Wakati huo, miaka ya sitini, nilikuwa binti mdogo, na dada yangu Furaha alikuwa akiposwa na Sebastiani wa Buleusa, kijana mpole mwenye shati moja jeupe. Baba yetu Mashako alikuwa amekubali. Mama yetu Faida bado. Basi Sebastiani akatualika kwa Papa Bauma siku ya soko, sisi sote pamoja na shangazi Riziki. Maskini, alilelewa kwa mapadri, hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani wakila. Mama alipokuta meza ni moja, bakuli zimejaa, na Sebastiani ameketi mbele yake akitabasamu, alijifunika uso kwa kitenge akainuka.

Shangazi Riziki ndiye aliyesema kwamba kijana huyu anataka kumvua mkwewe nguo mbele ya soko zima. Baba akaanza kutafuta fimbo yake, tuondoke. Furaha aliinamia bakuli, machozi yakidondokea mchuzini, maana sote tulijua mama akishashika njia, posa imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Papa Bauma akatoka jikoni, akaona, akaelewa. Akaingia chumbani, akavua shuka la kitanda chake, akalitundika kwenye kamba katikati ya meza.

"Mama Furaha, sasa kila muntu iko kwake. Mukwe haone, na wewe haone. Rudi, tambi zinapoa."

Wanasema mwenye njaa hana miiko, lakini mama yangu alikuwa na njaa na miiko pia. Alilikagua lile shuka pande zote, ndipo akaketi. Sasa, tambi hazina adabu: ukizivuta, zinapiga kelele. Ng'ambo ya shuka tukamsikia Sebastiani akivuta, kisha akanyamaza kwa aibu. Halafu mama naye akavuta, kwa kelele kumshinda.

"Kula, mutoto wangu," akaliambia shuka. "Hata mimi zimenishinda."

Baba alicheka hadi meza ikatikisika, na shangazi Riziki akaomba kijiti kingine.

Walioana maharage yalipovunwa. Miaka yote Sebastiani alikula kwetu nyuma ya ukuta wa matete, na mama, akisikia ametafuna kidogo, alituma aongezewe. Leo wakwe zangu, waume wa binti zangu, wanakula mbele yangu, meza moja, simu mkononi, na ni vizuri, nawapenda. Nawaona wakitafuna mpaka mwisho. Lakini wameshiba? Lazima niulize.