Mtungi wa Nyanya Baharini

Tulipanda treni Makindu, mimi, mama na nyanya, aliyekataa katakata kuacha mtungi wake wa plastiki. Kisima chetu kilikuwa kimekauka, na kwetu huendi penye maji mikono mitupu. Niliona aibu kweli! Lakini bahari ilipotokea dirishani nilipiga kelele hadi abiria wakacheka.

Kwenye feri ya Likoni nyanya alikodoa macho. “Maji yote haya, na hakuna foleni!”

Tuliposhuka ng'ambo alikimbilia ufukweni, akajaza mtungi pomoni, akateka kwa kiganja akanywa. Akatema. Akanitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyetia chumvi.

“Ndiyo maana hawapangi foleni,” akasema.

Lakini kumwaga maji hakuweza. Tulirudi nao Makindu, mtungi umejaa.