Kinywa cha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, miaka ile ya tisini, nikiwa bado mgeni kwa watu wa mume wangu huku Kiptere. Mama mkwe alikuwa amepooza upande mmoja, na kumtunza ilikuwa kazi yangu. Nilimwosha, nikambadilisha nguo, nikamlisha uji kabla ya kwenda kuchuma majani chai. Hakuna jirani aliyepata la kunisema.

Lakini kifua chake kilitushinda. Tukitoka zahanati na dawa anapata nafuu, kisha homa na kikohozi vinarudi. Nikadhani ni baridi, nikaongeza blanketi. Nikadhani ni moshi, nikahamisha jiko. Mara ya tatu nilichanganyikiwa kabisa. Shemeji zangu walianza kuuliza namlisha nini, hata mimi nikaanza kujishuku.

Siku hiyo ya mvua, sista mmoja mzee pale zahanati alimfungua mama kinywa, akanigeukia.

"Meno haya yalisafishwa lini?"

"Nimemleta kwa sababu ya kifua, sista."

"Ni hicho kifua ninachouliza."

Tangu apooze sikuwahi kumsafisha meno. Mke wa mwanawe nitie kidole kinywani mwake? Niliona ni kumkosea adabu. Sista akanieleza kwamba aliyepooza humeza vibaya. Mate yenye uchafu wa meno hupotea njia, yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Sikuelewa, mwanangu. Kwangu meno yalikuwa meno, na kifua kifua.

"Hiyo heshima yako itamuua," alisema, wala hakupandisha sauti.

Nyumbani nilimkalisha wima, nikafunga kitambaa safi kidoleni, nikakichovya kwa maji ya chumvi na kukikamua. Mama alinitazama, machozi yakamtoka. Kama yalikuwa ya aibu ama ya shukrani, sijajua hadi leo. Lakini alifungua kinywa.

Kikohozi hakikuisha chote, siwezi kukudanganya. Ila nimonia haikumlaza tena mwaka ule.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeona adabu nayo ikificha maradhi. Kwa hivyo ukipewa mgonjwa asiyejiweza, msafishe meno na ulimi asubuhi na jioni, mlishe akiwa ameketi, wala usimlaze mara tu akimaliza. Kifua kikirudi-rudi, mpeleke kwa daktari, na kinywa kiangaliwe pia. Usiloelewa, uliza mapema kuliko mimi.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kumshika mzazi, na ukizeeka akujalie wa kukushika wewe.