Dodoso Langu na Jembe la Mama

Mwaka nilioamua kusomea uraibu wa mazoezi, nilikuwa nakimbia kila alfajiri kutoka Rwamishenye hadi Kitendaguro na kurudi, mvua inyeshe, goti liume. Sikuona uhusiano wowote. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye shahada.

Dodoso langu lilikuwa na maswali kumi. Wakimbiaji wenzangu wa mjini walinitesa. Mmoja, mwalimu mwenye kifundo cha mguu kilichovimba, alinijibu huku akirukaruka palepale asipoe: "Mraibu? Mimi? Naweza kuacha hata kesho." Mwingine alijibu hapana kwa yote kumi, kisha mkewe akatoka jikoni na kuniomba karatasi nyingine amjazie upya.

Nikaona nijaribu kijijini Muleba, kwa mama. Nilimkuta kwenye kibanja, shamba lake la kando ya nyumba, akitandaza nyasi chini ya migomba.

"Usipolima siku moja unajisikiaje?"

"Mgonjwa."

"Umewahi kulima ukiwa umeumia?"

Akanionyesha kidole cha mguu alichojikata kwa jembe juzi, kimefungwa kitambaa.

"Kuna mtu amewahi kukuomba upunguze?"

"Wewe. Kila Krismasi."

Mama aliwashinda wakimbiaji wote kwa alama, shangazi akamfuata. Kwa karatasi zangu, wanawake wazee wa kijiji kizima walihitaji matibabu. Msimamizi wangu wa chuo alicheka hadi akavua miwani, akaniambia nitafute swali litakalowatenga wenye ugonjwa na wenye kazi. Nililitafuta kwa miezi, nikakasirika, sikulipata.

Kisha baba mkubwa akafariki, yeye aliyenilea tangu baba yangu alipokufa. Kwetu, kukiwa na msiba hakuna anayelima mpaka wazee waseme. Mama aliegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, na sikumwona akiligeukia tena. Mahali pangu palikuwa pale kando yake, nikipokea pole kama mtoto wa marehemu, kisha nibebe jeneza pamoja na binamu zangu.

Maziko yalipangwa saa nne. Saa mbili nilichukua raba zangu, nikapita nyuma ya migomba. Nusu saa tu, nilijiambia. Nusu saa ikazaa nyingine, na huko mbali kilimani goti likagoma kabisa. Niliporudi nikichechemea, watu walikuwa wanashindilia udongo. Jirani ndiye aliyebeba upande wangu. Niliona aibu, na hadi leo naiona.

Mama hakunigombeza. Alinisogezea nafasi kwenye nyasi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwana wange, lile swali lako ni bovu. Kuumwa tusipolima, sote tunaumwa. Muulize mtu kama anaweza kukaa."

Nikakaa. Hazikupita dakika kumi, magoti yakaanza kucheza yenyewe mbele ya wageni. Nilijitahidi kuyatuliza, yakakataa. Mama akaweka kiganja juu ya lile linalouma, akalikandamiza, akaendelea kupokea pole za watu kwa niaba yetu wawili.