Nilivyomshawishi mzee shotgun yake ipigwe rangi ya gari, serial number ikapotea

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona humu watu wanaulizana ni rangi gani inadumu kwenye bunduki. Mimi hilo swali nimelijibu kwa vitendo na nikaaibika. Nasimulia kama lilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi chumvi.

Mzee wangu ni mkulima wa mahindi na maharage, Maretadu, kule Mbulu. Shamba linapakana na pori. Nguruwe pori wakikuingilia mara mbili tatu, hapo huna mavuno. Kwa hiyo mzee anamiliki shotgun kihalali, leseni ina jina lake, tangu mimi niko shule ya msingi.

Mimi nina duka la pembejeo Katesh.

Sasa ile shotgun ilikuwa imechakaa sura. Rangi ya kiwandani, ile nyeusi yenye ubluu kwa mbali, ilishafutika pale anapoishikia, chuma kikabaki cheupe. Ila kutu hakuna.

Mzee akirudi nayo shambani, kabla hata ya kula, anaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Miaka yote hiyo.

Mimi nikaiona kama bomba la maji. Nikamwambia tuipeleke kwa jamaa mmoja Katesh anapiga rangi magari, aipige nyeusi isiyong'aa, iwe ya kisasa.

Mzee hakutaka. Alisema chuma kinataka mafuta tu. Nikamsumbua karibu mwezi mzima, akakubali. Akaja nayo mwenyewe, leseni mfukoni, tukakaa pale pale mpaka kazi ikaisha.

(Najua mnachotaka kusema kuhusu fundi asiye na kibali. Tulieni, nafika.)

Fundi akapiga msasa mtutu wote pamoja na kile chuma cha katikati chenye serial number. Akaweka primer, akapiga spray koti tatu. Ikatoka safi kweli.

Na mimi nikaongeza ujuaji wangu. Nikamshoneshea mzee mfuko wa ngozi wenye sponji ndani, ili rangi isikwaruzwe.

Wakuu, Maretadu ni ukungu. Kuna miezi nguo inakaa kwenye kamba siku mbili na bado mbichi. Masika ya kwanza tu rangi ikaanza kubanduka pale pa kushikia, kisha pembeni mwa mtutu. Mafuta ya cherehani yalikuwa yanailainisha, basi mzee akaacha kupaka ili asiharibu kazi niliyomfanyia. Yeye hakuniambia. Mama ndiye aliyeniambia, baadaye sana.

Unyevu ukaingia chini ya rangi, sponji ikaushikilia. Juu unaona nyeusi, chini kutu inakula.

Ikafika siku ya kupeleka silaha kuhakikiwa. Nikampeleka mzee polisi wilayani.

Afande aliyetupokea ni kijana, mdogo kwangu. Akamwamkia mzee shikamoo vizuri, akachukua leseni, akaanza kutafuta namba. Akaifuta kwa kidole, akawasha tochi ya simu. Rangi ilibanduka kama ganda, chini yake vishimo vya kutu. Tarakimu ya tatu ukiitazama ni 3, ukigeuza ni 8. Ya mwisho haipo kabisa.

Akatazama leseni tena, akaweka bunduki upande wake wa meza.

"Mzee, namba iliyopigwa msasa huwa tunaikuta kwenye silaha za wizi," akasema. "Nani alifanya hivi?"

Nilitaka kujibu. Kweli nilitaka, lakini nikainama kuokota ganda la rangi lililodondoka.

Mzee akajibu, "Leseni ina jina langu. Mimi ndiye niliyeruhusu."

Alikaa kwenye benchi la kituoni toka asubuhi mpaka alasiri akiandika maelezo. Mtu wa miaka sabini na kitu, mzee wa kanisa, hajawahi kuitwa hata kwa mtendaji wa kijiji. Baadaye nikajikaza, nikaenda kwa afande nikaeleza kwamba wazo ni langu. Akaandika na mimi, akatusomea sheria wote wawili: silaha haiendi kwa fundi yeyote asiye na kibali, na eneo la namba haliguswi.

Tuliachiwa, bunduki ikabaki.

Wiki ya pili nguruwe wakaingia. Walikula karibu nusu ya mahindi. Mzee na majirani walikuwa wanapiga madebe tu kuwafukuza.

Baadaye akaja fundi silaha wa polisi kutoka mkoani. Akaifungua, akatoa ile mbao ya chini ya mtutu, na pale kwenye chuma ambapo spray haikufika kulikuwa na namba ile ile, imegongwa kiwandani, inasomeka yote. Ikalingana na leseni. Mzee akarudishiwa bunduki yake, na onyo la maandishi.

Yule fundi wa polisi aliniambia kitu kimoja nimekishika. Rangi ya kiwandani ikifutika si ugonjwa, ile ni ngozi nyembamba tu ya kusaidia mafuta yakae. Rangi ya gari haikutengenezwa kukaa kwenye chuma kinachopata moto, jasho na mafuta kila siku. Na mfuko unaoshika unyevu ni mbaya kuliko mvua yenyewe.

Kwa hiyo somo langu: kama chuma hakina kutu, acheni sura. Futa, paka mafuta kidogo, hifadhi pakavu bila mfuko. Ukitaka finishing mpya, anza polisi, waulize fundi mwenye kibali ni nani.

Njiani kurudi Maretadu nilimwomba mzee msamaha. Tulipokaribia nyumbani akaniambia nianze kufuatilia taratibu za kuomba leseni yangu, maana macho yake yanachoka na shamba litahitaji mtu.

Na mimi nilidhani hataniamini tena.

Waliotumia zile coating za bunduki, rangi za kuokwa kwenye tanuri ili zishike, na mnaishi sehemu za baridi na ukungu kama huku kwetu, zimedumu miaka mingapi? Tiririkeni. Na wa kunisema, nisemeni tu, nimestahili.