Paa Lisilokatwa Vipande

Dada yangu ni afisa manunuzi wa halmashauri, na kama unadhani hiyo ni kazi ya kukaa kitini na kugonga mihuri, hujamwona akiwa kazini. Kila msimu wa kupanga manunuzi ya mwaka ujao, idara huleta mahitaji yao, na wakuu wengi hunakili ya mwaka jana, wakabadilisha tarehe tu. Dada hapokei. Huinuka akamfuata mtu hukohuko anakofanyia kazi, akamwambia, "Nionyeshe." Daktari aonyeshe kitanda kilichovunjika, mhandisi aonyeshe shimo la barabarani. Mwalimu mkuu mmoja aliomba madawati, dada akaenda akalikalia la zamani, likambwaga chini na sketi ikachanika mbele ya darasa zima. Watoto walicheka mpaka machozi. Madawati yaliingia kwenye mpango siku hiyohiyo, na yeye tangu hapo anaitwa Mama Nionyeshe.

Mwaka mmoja alionyeshwa paa la shule. Jengo refu la madarasa, mabati yameoza, mvua ikianza walimu wanawasukuma watoto wote kona moja kama kuku. Alirudi nyumbani viatu vimelowa, amenuna, hataki hata chai. Akaliweka paa kwenye mpango kama kazi moja, itangazwe, mafundi wote washindane.

Bosi wake hakutaka. Alitaka kazi ikatwe vipande: mbao peke yake, mabati peke yake, rangi peke yake, ufundi peke yake. Ujanja wenyewe ni mwepesi. Kazi kubwa sheria inataka itangazwe, lakini manunuzi madogo bosi anaweza kumpa amtakaye baada ya kuulizia bei huku na kule. Kubwa ikikatwa ikawa ndogo nyingi, tangazo hakuna, na kila kipande kinamwangukia shemeji yake bosi. Huyo shemeji ndiye aliyejenga uzio wa zahanati, na mpaka leo mbuzi wanaingia na kutoka wanavyotaka.

Akamwita dada ofisini, akafunga mlango, akaanza kwa upole. Akamuuliza habari za mama. Hapo ndipo nilipomchukia mtu yule, maana alijua anagusa wapi. Mama yetu alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala, anaishi kwa dada, na dada ndiye anayempeleka kwa mtaalamu wa mazoezi hapa hospitalini kwetu. Bosi akasema kuna kituo cha mbali kinatafuta afisa, huko mtaalamu wa namna hiyo hakuna, na yeye roho ingemuuma kumhamisha mtu mwenye mgonjwa. Lakini dada akikubali kuikata ile kazi vipande, wataendelea kuishi vizuri.

"Paa ni moja, bosi," dada akamjibu. "Shemeji yako anakaribishwa. Aje ashindane na wenzake."

Ofisini alikuwa simba, lakini jioni nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata. Akatuambia labda akubali tu, yaishe, mama kwanza. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi sebuleni, mlango wazi, anasikia yote. Mdomo wake ulikuwa umepinda na maneno yalimtoka moja moja, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyetu.

"Usinifanye mimi kisingizio," alisema. "Ukitaka kuwaibia watoto, waibie kwa jina lako. Langu litoe."

Dada alicheka huku analia, akanawa uso. Kikao cha kupitisha mpango kilipofika, aliwaomba wajumbe wakifanyie kulekule shuleni, kwa kuwa wanapitisha wasichokijua. Wakanung'unika, wakaenda. Mvua nayo haikumwangusha dada, ikanyesha. Waheshimiwa wenye suti walibanana kona ileile ya watoto, makabrasha yamewekwa vichwani, na bosi alipojaribu kuwaeleza faida za vipande, tone kubwa likamdondokea kwenye miwani. Paa likapita zima, bila kukatwa hata ubao mmoja.

Uhamisho wa dada ukaja kabla ya mwezi kwisha. Bosi alimtuma dereva aje kusema kwamba mambo yanazungumzika, akipita ofisini tu kuomba radhi. Dada alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Alimwambia dereva amsaidie upande wa pili wa godoro, basi, radhi hana. Mama alibaki kwangu kwa ajili ya mazoezi. Siku lori linaondoka nilitukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Paa liliezekwa na fundi ambaye hakuna anayejua ni shemeji wa nani. Bosi bado yupo kitini, sitawadanganya. Dada naye yuko huko mbali, nasikia ameshaanza kuwaudhi.

Na mama? Asubuhi moja aliniambia nimpe fimbo nisimshike. Akatoka kitandani hadi mlangoni, jasho linamtiririka, mwanawe aliyehangaika naye kuliko sote hayupo kuona. Iliniuma sana. Nikampigia dada simu nikamweleza, nikamsikia analia kwa sauti, anasema alipaswa kuwepo, pengine alikosea.

Mama akaninyang'anya simu.

"Mimi nimesimama," alimwambia. "Ole wako nisikie wewe umepiga magoti."